Uliza Ujibiwe: Somo la kwanza la sefingi, Kigamboni na kwingineko

Maswali ya safari hii yote yanahusu sefingi, yaani kuteleza juu ya mawimbi ukiwa umesimama kwenye ubao. Wengi mliotuandikia hamjawahi kuugusa ubao wenyewe, na mnataka somo la faragha mahali pasipo na watazamaji. Tumeyajibu kwa mpangilio tunaodhani utawafaa, siyo kwa mpangilio yalivyotufikia.

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Mimi na rafiki yangu tunataka somo la faragha, mwalimu mmoja kwa sisi wawili, kwenye ufukwe mtulivu. Tumepanga Jumapili saa nne asubuhi kwa sababu siku nyingine tuko kazini. Mwalimu katujibu kwamba kwanza tuangalie maji yatakuwaje siku hiyo. Ana maana gani? Na twende ufukwe upi? — Wawili wa Tabata

JIBU: Huyo mwalimu wenu mshikeni, maana ameanza na jambo la kwanza kweli. Hapa Dar es Salaam bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tunapata bamvua: maji ya kujaa na ya kupwa hupishana kwa zaidi ya mita 3 kwenda juu. Mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1.

Sasa tazameni saa. Siku za bamvua hapa kwetu maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake, Jumapili yenu ya saa nne ikiangukia bamvua mtakuta bahari imekimbia, mawe na matumbawe yako nje, na mahali penye maji ya kiunoni pako mbali. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, saa nne au tano hivi, na hayapandi wala hayashuki kwa kasi. Hiyo ndiyo wiki ya mwanafunzi. Ukiingia majini saa mbili, maji yanajaa taratibu, kina hakibadiliki sana chini ya miguu yako, na upepo wa mchana haujaamka.

Kama kwenu kuna mtu anayefuata tarehe za mwezi mwandamo, kazi imekwisha. Tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua. Wavuvi wa Mjimwema hawahitaji simu kulijua hilo. Lakini saa kamili ya siku yenyewe itazameni kwenye jedwali la kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam, kwa sababu kanuni ya mwezi inakupa makisio tu.

Kuhusu ufukwe: upande wa kaskazini wa jiji, Mbezi Beach hadi Kunduchi, visiwa vya Bongoyo na Mbudya vinakinga sehemu kubwa ya nguvu ya bahari. Pazuri kuogelea, lakini mara nyingi mawimbi ya kukusukuma hayapo. Coco Beach ina mawe ya matumbawe sehemu nyingi, na Jumapili hakuna utulivu wowote pale. Fukwe za Kigamboni zinazotazama bahari kuu, kuanzia Mjimwema kwenda kusini, zina mchanga mpana na mawimbi yanayovunjika juu ya mchanga. Huko ndiko tunakowashauri. Mnavuka kwa pantoni kutoka Magogoni au mnapita Daraja la Nyerere kutokea Kurasini. Jumapili pantoni ina foleni, basi ondokeni mapema. Epukeni eneo la diko, ambako ngalawa zinaingia na kutoka na nyavu zinatandazwa. Na mvua kubwa ikinyesha, kaeni mbali na midomo ya mito na mifereji kwa siku 2 au 3. Maji ya Mto Msimbazi baada ya masika siyo maji ya kumezwa, na mwanafunzi wa sefingi humeza maji.

Majira nayo yana sauti. Kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, ndiyo inayoleta mawimbi Kigamboni, ila katikati yake, Juni na Julai, upepo huwa mkali na bahari huchafuka: wimbi juu ya wimbi, bila nafasi ya kupumua. Septemba kusi linapopoa ndipo wimbi linabaki na upepo unapungua. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ya upande huo hulala zaidi. Bado somo linawezekana, kwa sababu mwanafunzi hahitaji wimbi kubwa, anahitaji povu, yaani wimbi lililokwisha kuvunjika.

Neno moja kuhusu ufukwe mtulivu. Utulivu maana yake pia hakuna mtu wa kukuona ukiinua mkono. Kwenye fukwe zetu nyingi hakuna waokoaji wa zamu. Kwa hiyo somo la faragha lazima lije na usalama wake: mwalimu majini pamoja nanyi, na mtu mmoja zaidi aliyebaki mchangani, mwenye simu yenye chaji na namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Mtu huyo asiwe mpiga picha tu. Kazi yake ni kuwahesabu.

SWALI: Naomba mnieleze somo la kwanza linavyokwenda, hatua kwa hatua, ili nijue kama mwalimu ananifundisha au ananitembeza tu. Nina kilo 74, urefu futi 5 na inchi 8, naogelea vizuri. — Kijana wa Ukonga

JIBU: Somo zuri la kwanza huchukua saa moja na nusu hadi mbili, na karibu nusu yake hufanyika nchi kavu. Mwalimu anayekutia majini dakika ya tano, mkatae.

Ubao kwanza. Kwa kilo zako, dai ubao wa sponji wa futi 8 au zaidi, upana wa inchi 22 au 23, wenye mapezi (vile vibao vidogo vya chini, upande wa nyuma) laini ya plastiki. Ubao mfupi na mwembamba unaouona kwenye picha ni wa mtu aliyekwisha kujua. Chini yako utazama kama sinia. Kamba ya mguuni iwe na urefu sawa na ubao, na ifungwe kwenye kifundo cha mguu utakaokuwa nyuma, ile sehemu ya kamba ikitazama nje ili usiikanyage. Kabla ya kuifunga, ivute kwa nguvu mara mbili pale inapoungana na ubao. Kamba za kukodi hukatika hapo. Na usiizungushe mkononi hata mara moja, kwa sababu wimbi likivuta ubao, vidole ndivyo vinavyolipa.

Mguu upi ukae nyuma? Vaa soksi nyumbani, kimbia hatua tatu kwenye sakafu ya vigae, kisha teleza. Mguu uliotangulia wenyewe bila kufikiri ndio wa mbele. Ukishindwa kuamua, weka wa kushoto mbele, jaribu mawimbi matano, kisha badilisha.

Dakika 15 za mwanzo mnasimama tu mnatazama bahari. Mwalimu akuonyeshe mawimbi yanavunjikia wapi, yanakuja kwa makundi ya mangapi, na wapi kuna mkondo unaorudi baharini. Mchague kitu kimoja nchi kavu, mnazi uliopinda au paa la makuti, kiwe alama yenu. Kila mkimaliza wimbi mnatazama: bado tuko mbele ya mnazi? Bahari ya kusi hukusogeza kaskazini kimyakimya, na baada ya dakika 20 utajikuta mbele ya mawe ambayo hukuyaona ulipoingia.

Kisha dakika 25 za mchangani. Chora ubao kwenye mchanga kwa kidole, au ulaze ubao wenyewe baada ya kuchimba kishimo cha mapezi. Lala kifudifudi juu ya mstari wa katikati, vidole vya miguu vikigusa mwisho wa mkia. Miguu pamoja, kifua kimeinuka kidogo, macho mbele. Kupiga kafi kwa mikono ni mkono mmoja baada ya mwingine, vidole vimekaribiana, mkono unaingia majini mbele ya bega na kutokea usawa wa paja. Nyonga zisitikisike.

Kuinuka ndiko kunakohitaji subira, na hapa tutakaa kidogo. Weka viganja bapa juu ya ubao, pembeni mwa mbavu za chini, siyo kwenye kingo. Ukishika kingo, ubao utageuka nawe mara tu uzito ukihama. Sukuma, kifua kiinuke kwanza, macho yabaki mbele. Mguu wa nyuma ukanyage karibu na mapezi, upande. Hapo mguu wa mbele unavutwa chini ya kifua na kutua katikati ya viganja, na ndipo viganja vinaachia. Unabaki umechuchumaa, siyo umesimama wima: magoti yamekunjwa, miguu imeachana kidogo kuzidi upana wa mabega, nyayo zote mbili zimeukata mstari wa katikati, mkono mmoja umeelekea unakokwenda. Rudia mara 10 polepole, mwalimu akirekebisha kila hatua, kisha mara 10 kwa haraka. Ukihema, umefanya sawasawa.

Kabla ya kuingia, jifunze kuanguka. Unaanguka ubavuni mwa ubao, bapa, kwa makalio au mgongo, kama mtu anayejitupa kitandani. Usitangulize kichwa, wala usitue na miguu imekakamaa. Kwenye maji ya kiunoni, shingo na vifundo ndivyo huumia. Ukiwa chini ya maji, funika kichwa kwa mikono miwili, panda taratibu, na mikono iwe juu unapotokeza, kwa sababu ubao uko mahali fulani hapo juu. Ukishatokeza, tazama baharini kwanza, ubao baadaye.

Majini mnakaa kwenye kina cha kiunoni, pale povu la wimbi lililokwisha kuvunjika linapofika kwenye magoti au mapaja. Wakati wa kwenda, ubao uwe ubavuni mwako, pua, yaani ncha yake ya mbele, ikielekea baharini. Usiuweke kamwe kati yako na wimbi. Watu wengi hupigwa tumboni au mdomoni kwa kosa hili moja, na hutokea mtu akiwa amesimama tu anaongea.

Mawimbi matatu au manne ya kwanza unateleza ukiwa umelala. Mwalimu anashika mkia, anageuza pua kuelekea ufukweni, anasubiri povu likiwa mita 2 au 3 nyuma yako, kisha anasukuma. Kazi yako ni kulala sawa na kuonja: egemea kidogo kulia, ubao utaenda kulia. Usiruke hatua hii. Hapo ndipo mwili unatambua kwamba ubao ukishateleza unatulia, na kwamba mtikisiko wote uko kabla ya hapo. Angalia pua ya ubao: iwe juu ya maji kwa upana wa vidole vinne. Ukipata mkao huo, tazama ni maandishi gani ya ubao yako chini ya kidevu chako, na ulale hapohapo kila mara.

Baadaye ndiyo kuinuka. Mwalimu akisukuma, hesabu "moja, mbili" moyoni, usikie ubao umeshika mwendo, ndipo usukume viganja. Walimu wengine hupitisha wanafunzi kwenye magoti kwanza. Sisi hatupendi. Goti likishazoea kutua, kuliondoa huchukua wiki. Pumzikeni dakika 10 katikati, kunywa maji, rudini. Mikono ikianza kulegea, somo limekwisha hata kama saa bado. Ukishachoka ni rahisi kuumia kwenye "wimbi moja la mwisho".

SWALI: Nilichukua somo mwezi uliopita. Sikusimama hata mara moja. Pua ilikuwa inachimba maji na mimi naruka mbele. Mwalimu kasema "mizani yako mbovu", basi. Tatizo ni nini hasa? — Mwenye hasira, Kinondoni

JIBU: Pole, dada. "Mizani mbovu" siyo jibu. Pua kuchimba maji kuna sababu tatu, na kila moja ina dalili yake.

Ikiwa pua inachimba mara tu unaposukumwa, bado umelala, umelala mbele mno. Rudi nyuma kwa upana wa kiganja kimoja. Ikiwa inachimba wakati unainuka, uzito wako unakwenda kwenye viganja na kichwa kinatazama chini. Viganja viko mbele ya mabega, virudishe kwenye mbavu, na macho yatafute ule mnazi. Ikiwa inachimba hata ukifanya yote sawa, wimbi ndilo kosa: linavunjika wima, karibu kabisa na ukingo wa mchanga, kama mtu anayemwaga ndoo. Hilo hutokea maji yakijaa sana kwenye ufukwe wenye mteremko mkali, na jioni za bamvua ndiyo kawaida yake. Hapo hakuna mbinu, mnasubiri maji yashuke.

Kuna na makosa jirani yake. Ubao ukibaki nyuma na wimbi kukupita, umelala nyuma mno na mkia unazama. Ukianguka pembeni kila mara, nyayo zako hazijaukata mstari wa katikati, ziko zote upande mmoja. Ukianguka nyuma, umenyoosha miguu kabla ya wakati na uzito uko kwenye kisigino cha nyuma. Na ukianguka kila upande bila mpango, unaruka mapema mno, ubao haujashika mwendo. Mwambie mtu akurekodi kwa simu kutoka ufukweni, mawimbi matano tu, kisha mtazame pamoja na mwalimu hapohapo kabla ya kurudi majini.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mama, navaa hijabu, na nina khofu kidogo ya maji. Naweza kujifunza bila kuacha stara yangu? Na je, mwalimu mwanaume italazimu anishike? — Mama wa Temeke

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Unaweza, na stara kwenye sefingi ina faida yake, maana jua la Dar es Salaam na ukali wa ubao huchubua kila ngozi iliyo wazi. Vaa vazi la kuogelea la kufunika mwili mzima, la kitambaa cha kuogelea, linalobana kiasi na kukauka haraka. Dera, buibui au fulana ya pamba hazifai kabisa. Zikilowa huwa nzito, hujizungusha miguuni na kunasa kwenye mapezi. Ushungi uwe wa kuvalia kichwani kama kofia, unaoingia ndani ya vazi, bila pini na bila ncha zinazoning'inia. Nywele zilizosukwa zifunge chini, nyuma ya shingo, ndani ya ushungi.

Kuhusu kushikwa: hapana. Mwalimu anashika mkia wa ubao, hashiki mwili wako. Marekebisho ya mchangani hufanywa kwa kuonyesha. Mwambie hivyo kwenye simu kabla ya kulipia, na kama kuna mwalimu wa kike, muombe yeye waziwazi. Huna haja ya kuona aibu kuuliza.

Khofu ndiyo tunayotaka uichukulie kwa uzito. Kipimo chetu ni hiki: mtu aweze kuogelea mita 50 bila kugusa chini na kuelea chali dakika 2. Kama bado, chukua kwanza masomo ya kuogelea kwenye bwawa. Ubao siyo boya. Kamba hukatika, na wimbi halikuulizi. Jaketi okozi nene nalo siyo dawa ya mtu mzima kwenye mawimbi, kwa sababu linakuzuia kulala vizuri kwenye ubao na kupita chini ya povu. Kwa siku ya kwanza unaweza kufika, ufanye mazoezi ya mchangani, uteleze ukiwa umelala kwenye maji ya mapajani mwalimu akiwa pembeni. Hilo ni somo kamili, usikubali mtu akuambie siyo.

SWALI: Nina miaka 61, mstaafu, magoti yananisumbua kidogo na natumia dawa za presha. Wajukuu wananicheka ninaposema nataka kujaribu. — Babu wa Kijichi

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Wacheke, wewe jiandae. Nenda kwa daktari wako kwanza na umweleze mchezo wenyewe: kusukuma mwili kwa mikono, kushikilia pumzi ghafla, jua. Usiseme tu "mazoezi". Akikubali, fanya mwezi mmoja wa maandalizi kwenye mkeka nyumbani: seti 3 za kuinuka mara 8 kila siku ya pili, ukiruhusu goti lipite taratibu. Kwako hatukatazi goti kama tulivyomkataza kijana. Omba ubao wa futi 9, saa 1 tu majini, na ufukwe wa mchanga tupu. Kuteleza ukiwa umelala au umepiga magoti ni raha iliyotimia, na wajukuu wakusubiri mchangani na taulo.

SWALI: Mkondo unaovuta watu Kigamboni unaonekanaje? Na mtu akikanyaga nungu wa bahari au kuchomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, afanyeje? — Msomaji wa Mbagala

JIBU: Tafuta mahali ambapo mawimbi hayavunjiki. Ndiyo, pale panapoonekana patulivu kati ya sehemu mbili za povu. Maji hapo huwa na rangi ya giza au ya mchanga uliovurugwa, uso wake una vijiwimbi vya kuparuza, na mapovu au majani yanaelea kwenda nje badala ya kuja. Mgeni huchagua kuingilia hapo kwa sababu panavutia. Mikondo hupenda pembeni mwa miamba, kwenye midomo ya mito na karibu na magati.

Ukichukuliwa, lala kwenye ubao, usiuache. Inua mkono mmoja juu ili wa mchangani akuone. Usishindane na mkondo kurudi moja kwa moja: piga kafi sambamba na ufukwe kuelekea penye povu, kisha povu litakurudisha lenyewe. Mkondo hauzamishi mtu chini. Kinachoua ni kuchoka kwa kupigana nao.

Nungu wa bahari wenye miiba myeusi hukaa kwenye mawe na majani ya baharini, ndiyo maana tunasisitiza mchanga. Akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, karibu nyuzi 40 hadi 45, jaribu kwanza kwa kiwiko cha mtu mwingine. Miiba inayotokeza ivute kwa kibano, iliyozama usiichimbe. Watu wengi wa pwani hupaka utomvu wa papai bichi; maji ya moto yatangulie. Mwiba ukiwa kwenye kiungo, nenda zahanati.

Taa hujizika mchangani kwenye maji ya chini. Ukitembea majini buruta nyayo badala ya kunyanyua, naye atasikia na kuondoka. Akikuchoma, dawa ya kwanza ni hayohayo maji ya moto, nusu saa hadi saa moja na nusu, na hospitali lazima, maana mwiba wake huacha vipande na sumu. Ukichomwa na konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha, osha kwa maji ya bahari, usisugue wala kumwagia maji baridi ya bomba. Na mkojo hausaidii. Yeyote aliyemeza maji mengi kisha akaendelea kukohoa au kuhema kwa shida apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata akisema yuko sawa.

SWALI: Niulize nini kabla ya kulipia somo? — Mfanyakazi wa Posta

JIBU: Uliza maswali haya, usikilize anavyojibu kuliko anachojibu. Una cheti cha uokoaji majini na huduma ya kwanza, cha lini? Umepitia mafunzo ya ukufunzi, kwa mfano ya International Surfing Association? Utakuwa majini au mchangani? Wanafunzi wangapi kwa saa hiyo? "Faragha" kwa wengine huwa watu sita. Ubao, kamba na fulana ya mikono mirefu vimo kwenye bei? Kiingilio cha ufukwe wa hoteli nani analipa? Na la mwisho: bahari ikichafuka asubuhi hiyo, tunaahirisha au fedha imekwenda? Mwalimu anayesema "haijawahi kuchafuka" hajakaa Kigamboni kipindi cha kusi. Lipa kianzio kidogo kwa simu, salio baada ya somo.

Beba lita 1.5 za maji ya kunywa kwa kila mtu, mafuta ya kukinga jua ya namba 30 kwenda juu yapakwe nusu saa kabla, na chakula chepesi saa mbili kabla. Supu na chapati zisubiri mpaka mtoke. Ubao ukikubana tumboni na chapati tatu ndani, utaona.

SWALI: Nimeuziwa ubao wa sponji uliotumika. Niuhifadhi wapi? Ninaishi chumba kimoja, Mwananyamala. — Mpangaji

JIBU: Kwanza ubonyeze kote kwa gumba. Palipo laini kama mkate uliolowa, maji yameingia, na hata ukiuanika utabaki mzito. Ukiuegemeza kwenye meza uone kama katikati umepinda, na mapezi yasicheze. Baada ya kila safari uoshe kwa maji ya bomba, hasa kwenye skrubu za mapezi na kwenye kamba, kisha ukauke kivulini. Chumbani usimamishe kwa mkia juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwenye ukuta usiopigwa na jua la jioni, au ulaze chini ya kitanda, uso wa juu ukiwa chini. Usiuweke juu ya mabati wala kuuacha ndani ya gari lililofungwa: joto hulegeza gundi, na uso wa sponji huanza kuvimba malengelenge kuanzia mkiani.